Nekta: Nyuki Wanataka Ipi, Ndege Wanataka Ipi?

MASWALI YA WASOMAJI

Barua nyingi safari hii zimegusa jambo moja: nekta, yale maji matamu ya ndani ya ua ambayo wengi wenu mnayaita mbochi. Wafugaji wa nyuki wameandika, na wapenzi wa ndege nao wameandika. Tumezichanganya barua za pande zote mbili kwa sababu jibu la mmoja litamfaa mwingine.

SWALI: Ndugu wahariri, hamjambo? Nina mishubiri mingi iliyochanua hatua chache tu kutoka kwenye mizinga yangu. Ndege chozi wanashinda hapo kutwa nzima, lakini nyuki wangu wanaipita na kwenda kwenye alizeti iliyo mbali. Nekta ya mshubiri ina kasoro gani?

JIBU: Haina kasoro, ndugu yetu. Ni nyepesi tu kwa mahitaji ya nyuki.

Nekta ni maji yenye sukari tatu hasa: sukrosi, ambayo ndiyo sukari ya mezani, pamoja na glukosi na fruktosi. Kinacholitofautisha ua moja na jingine ni wingi wa sukari ndani ya maji hayo na uwiano wa sukari hizo tatu. Maua yanayotegemea ndege waliobobea katika nekta, kama chozi, kwa kawaida hutoa nekta yenye sukari asilimia 15 hadi 25. Maua yanayotembelewa na ndege wanaokunywa nekta mara mojamoja tu, na mishubiri kadhaa imo humo, hutoa nyepesi zaidi, asilimia 8 hadi 12, ila huitoa kwa wingi. Nyuki wa asali hupendelea asilimia 30 hadi 50.

Piga hesabu ya nyuki uone kwa nini anakwenda mbali. Asali iliyoiva ina sukari karibu asilimia 80. Nekta ya asilimia 40 inahitajika kilo 2 ili ipatikane kilo 1 ya asali. Ikiwa ya asilimia 20, zinahitajika kilo 4. Ikishuka hadi asilimia 10, ni kilo 8, na kati ya hizo kilo 7 ni maji ya kupeperushwa kwa mbawa usiku na mchana. Nyuki mmoja anayerudi nyumbani hubeba wastani wa miligramu 40 hivi kwenye kifuko chake cha asali. Kwa nekta ya asilimia 40, kilo moja ya asali ni safari 50,000. Kwa ile ya asilimia 10 ni safari 200,000, na kila safari inakula mafuta yake. Ndiyo maana alizeti ya mbali inamlipa kuliko mshubiri wa mlangoni.

Chozi hana hesabu hiyo. Hatengenezi asali wala haweki akiba; anakunywa na kuchoma papo hapo, na maji ya ziada anayatoa. Nekta nzito mno ingemchelewesha, kwa kuwa kadiri sukari inavyozidi ndivyo maji yanavyonata na kupanda polepole kwenye ulimi.

Usishangae hata hivyo ukiwaona nyuki kwenye mishubiri hiyo hiyo wakati mwingine. Huifuata chavua yake, na wakati wa ukame huifuata nekta kwa ajili ya maji na kwa kukosa kingine. Vilevile nekta iliyokaa kwenye ua lililo wazi hukaushwa na jua na upepo, kwa hiyo ua lililodharauliwa saa moja asubuhi laweza kuwa na wageni saa sita.

SWALI: Miti imechanua kuliko mwaka jana, mvua zimenyesha vizuri, lakini mizinga yangu ni myepesi. Maua mengi si ndiyo nekta nyingi?

JIBU: Hapana, na kosa hili limeua makundi mengi ya nyuki. Maua ni vyombo. Kuwa na vyombo vingi hakumaanishi vimejaa. Mmea hutengeneza sukari ya nekta kwa mwanga wa jua. Siku saba za mawingu mazito hupunguza sukari hiyo hata kama udongo umelowa. Mvua nayo huosha nekta ya maua yaliyo wazi au kuipunguza utamu, na inawafungia nyuki ndani saa ambazo wangekuwa kazini. Ukame nao hukausha nekta kabisa.

Usikisie, pima. Kama una refraktomita ndogo ya mkono, yaani kifaa cha kupimia asilimia ya sukari, simama pembeni ya mlango wa mzinga na umdake nyuki anayetua akiwa na tumbo lililojaa na miguu isiyo na chavua. Mshike kwa vidole viwili, bonyeza tumbo taratibu kuelekea mbele, naye atatema tone. Liweke tone kwenye kioo cha kifaa, funika, tazama kwenye mwanga. Fanya hivyo kwa nyuki watano au sita, maana mmoja anaweza kuwa ametoka kuchota maji tu. Ukisoma 35 au zaidi, nje kuna chakula. Ukisoma chini ya 15 kwa wengi wao, wanahangaika.

Usipokuwa na kifaa, fungua mzinga mchana, toa fremu ya sega iliyo pembeni mwa majana (watoto wa nyuki walio vyumbani), ishike ikiwa imelala juu ya mzinga na uitikise mara moja kwa nguvu. Nekta mpya itadondoka kama manyunyu. Isipodondoka kitu, na vyumba vinavyozunguka majana ni vikavu, nekta haiingii, hata kama miti yote imevaa maua.

Sasa akiba. Nyuki mmoja mzima anahitaji takriban miligramu 4 za sukari kwa siku ili aishi tu, bila kuruka mbali na bila kulea. Kundi la nyuki 30,000 basi linakula gramu 120 za sukari, sawa na gramu 150 za asali, kwa siku ya kukaa bure. Mvua ya siku 10 inakula kilo moja na nusu. Ongeza majana, ambayo lazima yakae kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35 na joto hilo linatokana na asali inayochomwa, na matumizi yanapanda sana. Fremu kubwa ya mzinga wa Langstroth (mzinga wa boksi wenye fremu za kutolewa) iliyojaa na kufunikwa pande zote mbili ina asali karibu kilo 2.5 hadi 3. Sisi hatumshauri mtu avune mpaka fremu 3 au 4 za namna hiyo zibaki ndani, na kwenye mvua ndefu au baridi ziwe zaidi.

Njaa ina sura yake. Kwanza majana machanga hukauka, kwa kuwa walezi hawana cha kuwapa. Lava, yaani mtoto wa nyuki aliye kama funza, aliyepaswa kuogelea kwenye uji mweupe anaonekana amelala kwenye chumba kikavu. Madume hufukuzwa. Mwisho kabisa utawakuta nyuki wamekufa wakiwa wameingiza vichwa ndani ya vyumba vitupu, matumbo yakitazama nje, safu kwa safu. Ukiona hivyo kwenye sega moja na wengine bado wanatetemeka, wanyunyizie maji ya sukari vuguvugu hapo hapo, baadhi huamka.

SWALI: Kipindi cha mvua niliwapa nyuki sukari guru iliyochemshwa na kukamuliwa ndimu, kama nilivyoelekezwa. Wiki mbili baadaye mbele ya mzinga kumejaa madoa ya kahawia na baadhi ya nyuki wanatambaa chini. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana. Makosa ni mawili, na yote mawili yanafundishwa kila mahali.

La kwanza ni sukari yenyewe. Nyuki mzima hajisaidii ndani ya mzinga. Hubana mpaka aruke nje. Nekta karibu yote humeng'enywa, mabaki ni kidogo mno, kwa hiyo anaweza kuvumilia siku nyingi. Sukari guru, sukari ya kahawia na molasi zina madini na mabaki mengi asiyoyameng'enya. Yanajaa kwenye utumbo wa nyuma, mvua inamzuia kutoka, na mwishowe anachafua mlangoni au juu ya masega. Umande mtamu wa vidukari, ambao nyuki huukusanya nekta inapokosekana, huleta shida hiyo hiyo wakifungiwa muda mrefu.

La pili ni ndimu na moto. Sukari ikipashwa moto pamoja na asidi huzaa kemikali iitwayo hidroksimethilifurfurali, ambayo ni sumu kwa nyuki na hufupisha maisha yao. Wanaoshauri ndimu au siki husema inaivunja sukrosi iwe rahisi kumeng'enywa. Nyuki hahitaji msaada huo: ana kimeng'enya chake, invatesi, kinachofanya kazi hiyo bila sumu.

Fanya hivi. Chukua sukari nyeupe ya kawaida. Si ile laini ya kupambia keki, ambayo mara nyingi imetiwa wanga. Chemsha maji, yaondoe motoni, ndipo umimine sukari na ukoroge mpaka yawe maangavu. Sukari isikae kwenye moto. Kwa kuwachochea walee majana, kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji. Utapata lita 1.6 hivi. Kwa akiba, kilo 2 kwa lita 1, utapata karibu lita 2.2. Ile nyepesi huchacha baada ya siku chache kwenye joto, basi usitengeneze pipa zima. Ikianza kutoa povu au harufu ya pombe, mwaga.

Namna ya kulisha ina uzito sawa na chakula chenyewe. Tumia gudulia lenye kifuniko cha chuma, toboa matundu 6 hadi 10 kwa ncha ya msumari mwembamba, jaza mpaka juu kabisa, funga, kisha ligeuze juu ya ndoo na usubiri. Litadondosha kidogo halafu litaacha, kwa sababu hewa ya nje inaishikilia sukari isishuke. Likiendelea kudondosha, matundu ni makubwa au kifuniko hakijakaza. Ndipo uliweke juu ya fremu, ndani ya boksi tupu lililofunikwa. Usilirudishe likiwa nusu na kuliacha juani: hewa iliyo ndani hupanuka kwa joto na kuisukuma sukari imwagike juu ya majana. Ukitumia sahani, weka vijiti vya kuelea, la sivyo utazoa maiti.

Lisha jua linapozama, punguza mlango ubaki upana wa vidole viwili, na usidondoshe hata tone nje. Harufu ya sukari iliyomwagika huwaita nyuki wa mizinga mingine, nao wakishaanza kupora kundi dhaifu hawaachi. Wape kiasi wanachomaliza kwa siku mbili: nusu lita kwa kundi dogo, lita moja kwa kubwa. Na uyaondoe kwanza masega yote unayotarajia kuvuna, maana sukari watakayoiweka humo si asali, wala usimuuzie mtu kwa jina hilo.

Asali usiyoijua ilikotoka usiwape kamwe. Bakteria wa ugonjwa wa kuoza kwa majana, Paenibacillus larvae, huacha mbegu zinazoishi miongo mingi ndani ya asali bila kumdhuru mlaji binadamu, na mbegu chache tu zinatosha kumuua lava mchanga.

Kuhusu hao wanaotambaa: madoa na kutambaa vinaweza pia kuwa Nosema, vimelea vya utumbo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Peleka nyuki 30 hivi waliokufa karibuni kwa mtaalamu mwenye hadubini.

SWALI: Asali niliyovuna imetoa povu ndani ya wiki tatu. Niliikamua kwa usafi wote.

JIBU: Uliivuna ikiwa bado nekta. Hamira za asili zimo kwenye kila ua na kila mzinga. Kinachozizuia ni uhaba wa maji. Asali ikiwa na maji chini ya asilimia 18 zinalala, ikipita 20 zinaamka. Nyuki hufunika chumba kwa nta pale tu asali inapokuwa imekauka vya kutosha, kwa hiyo vuna fremu zilizofunikwa angalau robo tatu, na hizo nazo zitikise kwanza kama tulivyoeleza juu. Chochote kikidondoka, rudisha ndani. Ukivuna siku ya mvua, asali iliyo wazi hunyonya unyevu wa hewani, hata ile iliyoiva.

SWALI: Wahariri wapendwa, natundika chombo cha maji ya sukari kwa ajili ya chozi. Sasa nyuki wamekivamia, ndege hawasogei, na watoto wanaogopa. Nifanyeje bila kuwaua nyuki?

JIBU: Ahsante, mama, kwa kutotaka kuwaua. Ukielewa nyuki anavyokiona chombo chako, utamwondoa bila dawa.

Anza na utamu. Wengi hutia sukari kwa kukisia na kuishia na asilimia 35 au 40, kiwango kile kile ambacho nyuki humwita mwenzake kwa kucheza. Kipimo cha chozi ni gramu 250 za sukari nyeupe kwa lita 1 ya maji, yaani asilimia 20. Ukivamiwa, shusha hadi gramu 200 kwa wiki moja au mbili. Usishuke zaidi ya hapo, tutaeleza sababu kwenye swali la mwisho.

Halafu umbo. Ulimi wa nyuki wa asali una urefu wa milimita 6 hivi. Kifua chake, sehemu pana ngumu isiyobonyea, kina upana wa karibu milimita 4. Tundu la kunywea likiwa na kipenyo cha milimita 3, na maji yakiwa chini ya tundu kwa milimita 10 au zaidi, nyuki hawezi kupenya wala kufikia. Mdomo na ulimi wa chozi vinafika bila shida. Vyombo vya sahani yenye kifuniko vinafaa kwa hili. Vile vya chupa iliyopinduliwa huacha tone likining'inia mdomoni mwa tundu, tone hilo likaanguka, na nyuki wakafuata. Kagua kila kiungo. Panguza kwa karatasi kavu kisha uitazame baada ya dakika tano: ikilowa, hapo ndipo panapovuja.

Rangi pia. Nyuki huona buluu, kijani, na miali ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, lakini nyekundu kwake ni kama giza. Mwanasayansi Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kwamba nyuki wanaona rangi. Ndege huiona nyekundu vizuri sana. Vyombo vingi huuzwa vikiwa na vijiua vya manjano kuzunguka matundu. Vitoe au vipake nyekundu kwa nje. Maji yenyewe yasitiwe rangi, hayana haja nayo.

Mwisho, sahau mahali pa zamani. Nyuki hukariri mahali kwa usahihi wa kushangaza. Kiondoe chombo siku mbili kamili, kisha kitundike upande mwingine wa nyumba, kivulini. Ndege watakitafuta na kukiona. Nyuki wa jana watarudi kwenye hewa tupu na kukata tamaa. Usipake mafuta kwenye waya kuzuia wadudu: yakigusa manyoya ya ndege hayatoki, na ndege huyo hawezi kutunza joto. Dhidi ya sisimizi, kikombe cha maji juu ya ndoano kinatosha.

Badilisha maji kila siku kwenye jua kali, kila siku mbili au tatu kukiwa na ubaridi. Yakiwa na ukungu kama maji ya mchele, yameshaharibika tangu jana. Osha kwa maji moto na brashi nyembamba. Madoa meusi ya kuvu yaloweke saa moja kwenye mililita 15 za dawa ya klorini ya kufulia kwa kila lita ya maji, kisha suuza mara tatu na uache kikauke kabisa. Kama huna nafasi ya kazi hiyo kila wiki, ni afadhali usitundike chombo; panda maua.

SWALI: Kwa nini nisiwape ndege asali badala ya sukari? Si ndiyo ya asili?

JIBU: Kwa nyuki ni ya asili. Asali haiozi kwa sababu ina maji kidogo. Ukiichanganya na maji, ulinzi huo umekwisha na hamira na kuvu vilivyokuwa vimelala vinaamka ndani ya saa chache. Ndege aweza kupata fangasi wa mdomo na ulimi, na ndege asiyeweza kutoa ulimi wake hufa njaa pembeni ya chombo kilichojaa. Sukari ya kahawia nayo ina madini ya chuma ambayo ndege wala nekta huyalimbikiza mwilini mpaka ini likaharibika. Vitamu vya kopo visivyo na sukari havina nguvu yoyote ndani yake. Nyeupe ya kawaida, maji safi, basi.

SWALI: Ndege kwezi nao huja kunywa kwenye sahani yangu ya maji ya sukari, kisha wanaharisha hapo hapo ukutani. Je, maji yangu ni machafu?

JIBU: Yawezekana ni masafi kabisa. Kwezi wa Ulaya na baadhi ya jamaa zake, kama mtafiti Carlos Martínez del Rio na wenzake walivyoonyesha miaka ya 1980 na baadaye, hawana kimeng'enya cha kuivunja sukrosi kwenye utumbo. Sukari ya mezani ni sukrosi tupu. Ikifika utumboni bila kuvunjwa haisharabiwi. Inavuta maji kutoka mwilini, na matokeo ndiyo hayo unayoyaona ukutani. Ndege anatoka na kiu zaidi ya aliyokuja nayo.

Mimea inajua hilo kwa namna yake. Maua yanayotembelewa na ndege wasio mabingwa wa nekta huwa na sukrosi kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 5 ya sukari yote. Iliyobaki ni glukosi na fruktosi, ambazo ndege yeyote huzisharabu. Maua ya chozi hufikisha sukrosi asilimia 40 hadi 60 bila tatizo. Wape kwezi zabibu au tini zilizoiva, na sahani ya sukari iwe na matundu membamba kama tulivyoeleza.

SWALI: Nimesikia kuna nekta yenye sumu na nekta yenye dawa. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli zote mbili, na mara nyingine ni kitu kile kile kwa vipimo tofauti.

Kahawa na jamii ya michungwa zina kafeini ndani ya nekta, kidogo kiasi cha nyuki kutosikia uchungu. Utafiti wa mwaka 2013 ulioongozwa na mwanasayansi Geraldine Wright ulionyesha kwamba nyuki waliopewa sukari yenye kafeini walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kukumbuka harufu ya ua baada ya saa 24. Mmea unanufaika, maana mteja anarudi. Nyuki ananufaika nusu: majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kafeini huwafanya wacheze na kuitana zaidi kuliko utamu halisi unavyostahili.

Kichaka kiitwacho Rhododendron ponticum ni mfano wa upande wa pili, ule wa sumu. Nekta yake ina grayanotoksini, ambayo katika majaribio iliwaua nyuki wa asali lakini haikumdhuru Bombus terrestris, nyuki mkubwa mwenye manyoya wa nchi za baridi. Kuna mshubiri wa kusini mwa Afrika, Aloe vryheidensis, wenye nekta nyeusi na chungu: chozi na nyuki wakiionja huondoka, ila ndege shore huinywa bila wasiwasi na kuuchavusha. Na kwenye maua ya Calluna vulgaris, kichaka kifupi cha nchi za baridi, kumepatikana, mwaka 2019, kemikali inayomkinga yule Bombus dhidi ya vimelea vya utumbo viitwavyo Crithidia bombi. Tunakuomba usiligeuze hilo kuwa dawa ya kumimina mzingani. Kilichofaa aina moja kwa kipimo kimoja hakijathibitika kwa nyingine.

Sumu inayotutia hofu zaidi ni ile tunayoipeleka sisi. Viuatilifu vya kundi la neonikotinoidi huingia ndani ya mmea kupitia mbegu au mizizi na kufika hadi kwenye nekta. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba nyuki hawawezi kuvionja, na huenda wakazipendelea sukari zilizotiwa baadhi yake. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vitatu kati ya hivyo kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018. Ushauri wa kupulizia dawa jioni nyuki wakiwa wamelala ni mzuri kwa dawa za juu ya jani, lakini kwa hizi hausaidii: kesho asubuhi sumu itakuwa ndani ya ua. Soma kibandiko, kikisema dawa husambaa ndani ya mmea, usiitumie kwenye mmea unaokaribia kuchanua.

Ukikuta rundo la nyuki waliokufa ghafla mlangoni, wengi wakiwa wametoa ulimi nje, fikiria sumu kwanza, hasa ikiwa ndani ya masega kuna chakula. Tofautisha na wale wa njaa, wenye vichwa vyumbani.

SWALI: Chozi anaishi kwa nekta peke yake? Nina bustani ndogo na nataka wakae, si kupita tu.

JIBU: Hapana, dada. Nekta ni mafuta ya kuendeshea mwili, haijengi mwili. Protini yake ni kidogo mno. Nyuki hulitatua hilo kwa chavua, chozi hulitatua kwa wadudu na buibui, na makinda hulishwa hao kwa wingi.

Kuna na suala la maji. Ndege wa gramu 8 anayekunywa nekta nyepesi hunywa kwa siku maji yanayozidi uzito wake mwenyewe. Figo na utumbo wake vimeumbwa kwa kazi hiyo; baadhi ya chozi huyaacha maji mengi yapite utumboni bila hata kuyasharabu. Lakini nekta ikiwa nyepesi kupita kiasi, kila tone linalotoka linaondoka na chumvi ya mwili, na katika majaribio ndege hao walishindwa kunywa vya kutosha mpaka walipoongezewa chumvi kidogo. Hii ndiyo sababu tulikukataza, mama wa swali la nyuki, usishuke chini ya gramu 200 kwa lita. Chumvi usiitie chomboni. Ndege huipata kwa wadudu.

Kolibri, ndege wadogo wala nekta wa bara la Amerika, wamekwenda mbali zaidi kwenye njia hiyo hiyo. Ndege kwa jumla wamepoteza kipokezi cha ladha ya sukari ambacho wanyama wengine wanacho, na mwaka 2014 iligunduliwa kwamba kolibri walikigeuza kipokezi cha ladha ya nyama kiwe cha kutambua utamu. Moyo wao hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika wakiruka, na usiku wengi huushusha mwili kwenye ubaridi wa usingizi mzito ili sukari iwafikishe asubuhi. Kwa ndege wa namna hiyo, chombo kilichokauka alfajiri ni hatari halisi. Ukianza kulisha, jaza jioni.

Kwa bustani yako, panda mimea inayochanua kwa zamu, angalau mitatu au minne, ili nekta isikatike mwezi wowote. Chagua maua ya mrija ya rangi nyekundu au chungwa, na uepuke aina zilizozalishwa kuwa na petali nyingi zilizojazana: nyingi zina nekta kidogo, au ndege hafikii. Ukiona vitundu kwenye kitako cha ua, ni chozi au nyuki mkubwa mtoboa mbao amepitia mlango wa nyuma. Nyuki wa asali watatumia kitundu hicho hicho baadaye. Ua halitachavushwa kwa njia hiyo, ila wote watakuwa wamekula.

Na usipulizie dawa ya wadudu hata kidogo. Acha vidukari kwenye ncha za matawi, acha buibui pembeni ya ukuta na utando wao. Chozi jike atakuja kuuchota utando huo kwa mdomo, nyuzi moja baada ya nyingine, kufungia majani makavu ya kiota chake.